Samaki wa Ziwa Jingine

Mwezi uliopita nilimkuta Madamu Kemigisha katika duka la maziwa mjini Mbarara. Mimi nilikuwa napita tu, kama ninavyopita kila mahali. Yeye alikuwa ameketi kwenye kona kana kwamba duka lilijengwa likimzunguka. Nywele zake zimekuwa nyeupe na miwani imekuwa minene. Mbele yake palikuwa na kikombe cha maziwa ya moto, naye alikuwa akiondoa utando wa juu kwa kijiko, taratibu, kwa vidole vilevile vilivyokuwa vikitoa mifupa midogo kooni mwa samaki bila kuivunja. Vidole ndivyo nilivyovitambua kwanza. Nilimsalimu, nikataja jina langu, halikumwambia kitu. Nikataja Nakivale, akainua uso. Nikataja ndoo na nyavu, akaweka kijiko chini. "Wewe ni yule Mukongo wa ndoo!" akasema kwa sauti iliyowageuza wateja wengine. "Banange, umekuwa mzee!" Tulicheka, tukashikana mikono muda mrefu. Halafu akanisogelea, akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo miaka yote: "Na yule mama? Yule alinifukuza na chupa zangu. Iliisha namna gani?" Sikujua kwamba hajui. Muda mfupi baada ya siku ile alihamishiwa shule ya mbali, nami kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeshadandia lori la kwanza kati ya malori yangu mengi. Nilimjibu kwa haraka, kwa sababu basi la Kabale lilikuwa linapiga honi nje, na njia nzima nilihisi nimempa maganda nikabaki na ndizi. Naiandika hapa kwa urefu unaostahili.

Habari za kwetu na namna nilivyobaki peke yangu naziruka. Nilikuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa, masomo yalikuwa yamekatika sekondari, na nilikuwa na mashati mawili. Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, walinipa kipande cha ardhi kando ya nyumba ya mama mmoja wa Fizi, Mama Riziki, na kwa kuwa kuta tatu ni kazi ndogo kuliko kuta nne, niliegemeza nyumba yangu kwenye yake. Udongo ulikuwa wa kukanyaga kwa miguu, paa lilikuwa turubai, na mvua ikinyesha ilikuwa lazima tupige kelele ili tusikilizane. Kwenye uwazi kati ya chumba changu na chao palining'inia kitenge cha rangi ya kijani, kilichochakaa mpaka mwanga wa jiko ulipita. Nilichota maji na kuleta kuni, yeye alipika. Tulikula ugali wa mahindi, au bugali kama tunavyosema kwetu, maharage ya mgawo, na lenga-lenga, yaani mchicha, alizopanda nyuma ya nyumba. Riziki, mtoto wake wa miaka minne, alikula nami sahani moja na alikuwa mwizi mzuri wa maharage. Mama yake alikuwa mrefu, mweusi sana, mwenye sauti ya chini. Kwao alikuwa muuza samaki tangu usichana, na hata akiwa mkulima wa kulazimishwa alikuwa bado anatembea kama mtu mwenye beseni kichwani.

Baba Riziki alikufa ziwani Tanganyika, katika mtumbwi uliopinduka walipokuwa wakivuka kwenda Kigoma. Mama na mtoto walitolewa majini. Baba hakuonekana tena. Katika kijiji cha Mama Riziki palikuwa na desturi ambayo mimi wa Uvira nilikuwa nimeisikia tu: mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, watu wa nyumba yake hawaonji samaki wa maji yale mpaka apatikane. Wageni wakisikia hudhani ni hofu, kwamba labda samaki amemla marehemu. Nami nilidhani hivyo, nikamwuliza siku moja tukichambua maharage. Hakukasirika. "Hatuogope," akasema. "Tunangoja. Utakulaje kwa mwenye nyumba na hajakurudishia mutu yako?"

Kabla ya mvua za masika Riziki alianza kubadilika. Kwanza aliacha kuiba maharage. Halafu miguu ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uso ukawa wa mviringo, mtu angesema amenona, na nywele zikageuka nyekundu na laini kama nyuzi za mahindi. Hakulia, na hilo ndilo lililotutisha. Alikaa tu mlangoni akiwatazama watoto wengine bila kuwatamani. Tulijaribu maziwa ya Bwizibwera yaliyoletwa na wachuuzi wa baiskeli, yakampita kama maji. Muuguzi wa zahanati, Mnyankole mnene mwenye haraka, alimtazama mara moja akajua. "Nkejje," alisema. "Vile visamaki vidogo vya hapa ziwani. Kausha, saga na mifupa yake, weka kwa uji. Kila siku. Mama, unasikia? Kama hapana, huyu tutamzika." Nilitafsiri yote isipokuwa sentensi ya mwisho, lakini Mama Riziki hakuhitaji nimtafsirie.

Nilitarajia atakataa. Badala yake alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akasugua beseni kwa majivu, akafunga kilemba kizuri. "Hii ni maji ingine," aliniambia, kama mtu anayefungua dirisha. "Mwiko iko ya maji yetu. Hii maji haikunikosea kitu." Twende, akasema, na tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na Riziki mgongoni. Mitumbwi ilikuwa imerudi. Wavuvi walikuwa wamemwaga nkejje kwenye nyasi, lundo dogo linalometameta, wengine wa rangi ya majivu, wengine wenye mapezi mekundu na matone ya njano mkiani. Mama Riziki alichuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuwatenga bila kuwagusa kwa mkono. Huyu huku, huyu kule. Mwanzoni alifanya kama muuza samaki yeyote anayechagua. Halafu kijiti kikapungua mwendo.

"Angalia shavu ya huyu," akasema. "Huyu anakulaka konokono. Huyu mwenye meno ndogo-ndogo, anakwanguaka uchafu ya mayani. Na huyu mwembamba ni mwizi, anamezaka batoto ba benzake."

"Umejuaje, mama?"

"Nimejuaje! Si nimebauzisha tangu niko mutoto? Hawa ni bale bale. Ni ba kwetu."

Mvuvi aliyekuwa akisubiri alichoka. "Nnyabo, unanunua ama unasalimia samaki?" akauliza, wenzake wakacheka. Mama Riziki hakumsikia. Alikuwa amesimama, akayatazama maji kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akiyatazama tangu tuwe majirani, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni katika mji wa ugenini. "Maji inaungana chini," akasema. "Bamepita chini." Alifuta mikono kwenye nyasi ingawa hakuwa amegusa kitu, akaweka beseni tupu kichwani, tukarudi.

Hilo ndilo kosa lililoujaza mwaka ule, na hadi leo siwezi kuliita ujinga. Mtu aliyewafahamu samaki kijuujuu asingelikosea hivyo. Jirani yetu Da Spesi, Mrundi wa Makamba, aliona visamaki tu, akanunua, akakaanga, akala na wanawe. Yalihitajika macho ya mwanamke aliyesimama miaka mingi ufukweni Fizi kuona kwamba taya hili na taya lile ni kazi moja, na kufikiri kwamba wenye kazi moja ni watu wa nyumba moja. Nimezunguka sana tangu wakati huo. Nimepakua saruji Juba, nimeuza mitumba Eldoret, nimelinda ghala Bunia, na katika kila mji mdomo wangu umebadilika kufuata chakula na lugha ya pale. Watu wa Uvira wakinisikia leo husema mimi ni Mganda. Waganda husema mimi ni Mukongo. Mara ngapi nimemwona mtu stendi, mwenye mabega na mwendo wa marehemu kaka yangu, nikaharakisha hatua! Macho yanayopenda ndiyo hukosea namna hiyo.

Tangu siku ile Mama Riziki alianza kwenda ziwani kila jioni baada ya chakula. Hakuchota maji wala hakuoga. Alikaa kwenye gogo karibu na mafunjo, na alizungumza. Niliwahi kupita nyuma yake na mzigo wa kuni nikamsikia. Alikuwa akimweleza mumewe kwamba maharage yameota, kwamba mbuzi wa Da Spesi amekula majani ya maboga na Da Spesi anakana, kwamba Riziki halali vizuri. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mke anayezungumza na mume anayevua viatu. Akirudi nyumbani alikuwa na utulivu ambao hatukuwa tumeuona kwake. Na mtoto alikuwa akivimba. Nilianza kuelewa kwamba mwiko haukuwa tena mzigo tu. Kama samaki ni wale wale, basi ziwa ni lile lile, na mume yuko hapo, umbali wa kutembea kwa miguu.

Da Spesi hakuwa na subira na mambo hayo. "Kijana," aliniita kwenye foleni ya maji, mbele ya watu, "mama yako anaongea na nani kule chini?"

"Anapumzika tu, Da Spesi."

"Anapumzika! Yezu Mariya! Mtoto ameshakuwa kama puto na samaki wanaruka pale mbele ya nyumba. Mimi nimezika wawili njiani kwa kukosa cha kuwapa. Yeye anacho!" Akafuta uso kwa upindo wa kitenge, akasogeza dumu lake mbele. Alimpelekea Mama Riziki mchungaji wa kanisa la Wakongomani pia, ingawa yeye mwenyewe ni Mkatoliki. Mchungaji alikuja, akasoma, akasema imani imetufungua kutoka vifungo vyote. Mama Riziki alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamwambia, "Pasta, hii haiko kifungo. Ni mume yangu." Mchungaji alikunywa chai yake akaondoka akiwa na maneno machache kuliko aliyoingia nayo.

Wakati huo ndipo Madamu Kemigisha alipokuja ziwani na gari la kukodi, nyavu zake za matundu madogo, na ndoo zenye vifuniko. Alikuwa mwalimu wa sayansi Mbarara na alikuwa akiendelea na masomo yake ya juu, yote kuhusu nkejje. Alihitaji mtu wa kubeba na wa kuzungumza na wavuvi wa Kikongomani. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, alichokipata kwa kaka yake mwanajeshi, na alikitumia kama amri hata akiomba. "Wewe, kuja. Shika hii. Pole pole, hiyo ni mama yenye watoto!" Ndani ya ndoo alikuwa samaki wa kike mwenye koo lililotuna. Madamu alimgusa shavu, na kinywani mwake wakamwagika watoto wadogo kama mbegu za nyanya, wakaogelea kidogo, halafu, alipotuliza mkono wake, wakarudi ndani mmoja mmoja. Nilicheka kwa mshangao. Halafu alianza kuwapanga wengine juu ya jani la mgomba, na kicheko kikaniishia, kwa sababu alikuwa akiwapanga katika mafungu yale yale ya Mama Riziki. "Huyu anakula konokono," nikasema bila kuulizwa. "Yule anakula watoto wa wenzake."

"Nani alifundisha wewe?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na mtoto, na miguu iliyovimba. Alianza kutabasamu nilipofika kwenye maji yanayopita chini ya ardhi, lakini nilipofika kwenye gogo la jioni tabasamu liliondoka. Jioni ile alinichukua Mbarara nibebe ndoo, na njiani, kwenye daraja la mto Rwizi, alimsimamisha dereva. Maji yalikuwa ya kahawia, ya haraka. "Hii maji inakuja kwenu Nakivale," akasema. "Inatoka hapo inaenda kwa ile ziwa kubwa, Nyanza. Inatoka huko inaenda Misri. Tanganyika yenu inaenda upande mwingine, inaenda Kongo. Haikutani."

Nyuma ya maabara ya shule alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja. Rafu zilijaa chupa, kila chupa na samaki wake, wameinama kidogo kama watu wanaosali, na harufu ya spiriti iliwasha macho. Alinipa bushera, uji mchachu wa mtama, na chapati, nikala nimesimama kwa sababu kiti cha pili kilikuwa na chupa. Pale ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata katika madarasa niliyomaliza wala katika vitabu vya kuokota nilivyosoma baadaye kwenye safari. Samaki hawa wana mataya mawili, moja mdomoni la kukamatia, jingine kooni la kutafunia. Mto ukiwaleta wachache katika ziwa jipya, na ziwa likajitenga, wanaanza wote wakiwa karibu sawa. Lakini chakula hakiko sawa. Mwenye taya la koo nene kidogo anavunja konokono, anashiba, anazaa. Watoto wake wanamrithi. Mwenye meno mengi madogo anashiba kwenye majani. Vizazi hata usivyoweza kuvihesabu vinapita, na majike wa kila kundi wanachagua madume wa rangi wanayoijua, mpaka wanaacha kuoana, na hapo waliokuwa ndugu wa tumbo moja wamekuwa makabila. Tanganyika imefanya hivyo tangu zamani sana. Nakivale ni ziwa changa, nkejje wake na wa Nyanza ni ukoo mmoja, na wengi walikuja na mataya yao tayari. Madamu aliweka chupa mbili mezani. Mvunja konokono wa Tanganyika, ambaye Madamu aliletewa na mwalimu mwenzake, na mvunja konokono wa Nakivale. Mashavu yale yale, kichwa kile kile kizito. "Sasa huyu wa Nakivale," akasema, "ndugu yake ni nani? Ni yule mwizi mwembamba jirani yake. Mifupa ya ndani inasema, damu inasema. Huyu wa Tanganyika si ndugu wa karibu. Wanafanana kwa kazi."

Nilirudi Nakivale nikiwa nimebeba habari hiyo kama mtu aliyebeba dawa. Nilimweleza Mama Riziki usiku haujaingia, akikuna mihogo. Niligundua kwamba kinywani mwangu ilikuwa hadithi tu. "Wanafanana kwa kazi," akarudia. "Huyo madamu alibakamata wote mbili, akabauliza?" Nikasema ana chupa. "Basi alete chupa," akasema, na nadhani alisema hivyo akiamini hataleta.

Madamu alipoombwa alisita. Alisema hawezi kumwambia mtu ale au asile. "Mimi ninaweza kuonyesha tu," akasema. Alikuja siku ya Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, jambo lililomfanya Da Spesi asogee ukutani ili asikie vizuri. Riziki alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule, macho wazi. Hakusogea hata Madamu alipoweka chupa mbili karibu na mkono wake.

Mama Riziki hakuzitazama kwanza. Alimtazama mgeni. Kisha akainua ya kwanza juu, akaigeuza penye mwanga wa mlango, akaishusha. Akainua ya pili. Alikaa nazo muda mrefu. "Nitolee," akasema, na Madamu akafungua, akawaweka samaki wote wawili kwenye kifuniko. Mama Riziki, ambaye hakuwa amegusa samaki tangu siku ya mtumbwi, alinyoosha kidole chake akakipitisha ubavuni mwa wa kwanza, kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume na magamba. Kisha wa pili. Akarudia. Niliona uso wake ukibadilika kabla hajasema.

"Gamba haiko moja," akasema polepole. "Na huyu wa kwetu hana ile matone ya chini. Nilikuwa naangaliaka mudomo tu."

"Mdomo unadanganya," Madamu akasema. "Kazi ni ile ile. Kama wewe na mama mwingine anauza samaki hapa sokoni Misiera. Mikono yenu inanuka sawa, lakini hamjazaliwa nyumba moja."

"Na maji? Hazikutanake fasi yoyote?"

Nilimwona Madamu akifikiri. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa imekwisha. "Baharini," akasema. "Mwisho wa mwisho, maji yote inaenda baharini. Lakini hawa hawafiki. Chumvi inaua wao njiani. Hawa wamezaliwa hapa, baba yao hapa, babu yao hapa ama Nyanza. Hawajaona Tanganyika."

"Kwa hiyo hawakumuona."

"Hawakumuona, mama. Hawamjui."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa kijana, nilidhani ukweli ukimfungulia mtu mlango anapita akikimbia. Mama Riziki aliwatazama wale samaki wawili, na machozi yakatoka bila sauti, mengi, yakadondokea kifuniko. "Nilikuwa nakuya kumuambia habari," akasema. "Kila siku. Nani alikuwa ananisikia?" Halafu sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Chukua! Chukua bintu yako, uende!" Madamu alirudisha samaki chupani, akavaa viatu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimeharibu," na gari likaondoka. Huo ndio mwisho aliokuwa akiujua, mpaka tulipokutana katika duka la maziwa.

Haya ndiyo ambayo hakuyaona. Mama Riziki alikaa kwenye mkeka mpaka jua likageuka. Kisha akanawa uso, akachukua beseni bila kulisugua, akaenda ziwani akiwa amevaa nguo zile zile za shambani. Sikumfuata. Da Spesi alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Alirudi na nkejje wabichi, mchanganyiko, hakuwa amechagua. Akawasha moto nje, akachemsha nyanya na kitunguu na tone la mwisho la mawese aliyokuwa ameyatunza kwenye chupa ya dawa, na harufu iliyotoka pale ilinifanya nitoke chumbani kwangu nikasimama tu, kwa sababu ilikuwa ni harufu ya nyumba nyingi zilizokuwa hazipo tena. Alikula yeye kwanza. Kwao, alisema, mwenye msiba ndiye huanza, wengine hawawezi kumtangulia. Alichukua mmoja mwenye mashavu mazito, akamla mzima, kichwa na mifupa, akitafuna muda mrefu kuliko samaki mdogo kama yule anavyohitaji. Halafu akamsaga mwingine kwa vidole, akatia kwenye uji, akampa Riziki.

Riziki akautema. Aliutema kwa nguvu, ukamrukia mama yake kifuani, akakunja uso wote na kulia, kilio kikubwa cha hasira ambacho hatukuwa tumekisikia kwa wiki nyingi. "Analia!" Da Spesi akapiga makofi. "Analia, angalia, ana nguvu ya kulia!" Mama Riziki akacheka huku uji ukimtiririka, akachota kijiko kingine, na kingine, na kati ya kutema na kumeza mtoto alimeza zaidi.

Ilichukua mvua zote za msimu ule. Uvimbe ulishuka kwanza miguuni, akabaki mwembamba kama kijiti, na hapo ndipo tulipoogopa upya, kisha akaanza kujaa. Nywele nyeusi ziliota chini ya zile nyekundu, kwa hiyo kwa muda mrefu alikuwa na rangi mbili, mpaka mama yake akazikata. Siku aliyoiba maharage kwenye sahani yangu nilijifanya sikuona.

Mama yake hakwenda tena kwenye gogo la jioni. Alinunua samaki, alikausha, baadaye akauza, akiwatenga kwenye mafungu yao ili wateja wajue yupi ana mifupa migumu. Wavuvi walianza kumngoja. Lakini jioni, baada ya chakula, alikuwa na saa moja asiyojua aiweke wapi, na wakati huo hakuna aliyethubutu kumsemesha. Katika moja ya jioni hizo, siku chache kabla sijapanda lori langu la kwanza, aliniita kutoka jikoni, alipokuwa akipika uji wa Riziki wa asubuhi.

"Wewe umesoma. Ziwa yetu iko upande gani? Ile yetu."

Ilinibidi nifikiri. Nilitafuta jua lilipokuwa likizama, nikahesabu kichwani, nikaonyesha kilima kilicho upande wa Oruchinga, kusini, kidogo kuelekea magharibi. "Kule, mama. Mbali sana. Nyuma ya kile kilima, na nyuma ya Burundi nzima."

Alikitazama. Kilikuwa kilima tu, na mbuzi. Akasimama, akainua kigoda alichozoea kukalia akipika, ambacho siku zote kiliupa mgongo upande ule, akakizungusha nyuma ya jiko, akakaa akiwa amekielekea kilima. Upepo ulikuwa ukitoka huko, na moshi wote ukamgeukia usoni.

"Mwenzangu," Da Spesi akamwita akipita na dumu kichwani, "umekaa penye moshi!"

"Najua," Mama Riziki akasema, akaendelea kukoroga uji.